Mistari Kumi na Moja ya Saa ya Upepo

Risala ya Jumuiya ya Mwalo Wazi, Kirumba, kwa Mgeni Rasmi katika uzinduzi wa mfumo wa Mradi wa Habari za Mialo. Imesomwa na Katibu wa Jumuiya, Odeta Ngosha.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mradi wa Habari za Mialo. Wenyeviti wa mialo mliotoka Ilemela, Ukerewe na Sengerema. Akina mama wa dagaa mliofunga meza ili mje hapa. Wakubwa wote, shikamooni. Wenzetu wa rika, poleni na jua.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha Kirumba. Waandaaji wametupa dakika nane na wametuomba tusitoke nje ya mada. Tutajitahidi, ingawa Katibu husoma polepole.

Tumealikwa kama wadau. Kwa wasiotufahamu, sisi ni watu thelathini na mmoja tunaoandika jukwaa la tovuti liitwalo Mwalo Wazi. Mwalo wowote wa kushushia samaki, zahanati au kwaya inaweza kulichukua, ikaweka jina lake juu, ikapata tovuti yake bila kumwajiri fundi. Jukwaa hili ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yanayoliendesha hayakufichwa: anayetaka huyasoma, huyanakili, huyabadili, na akiona kosa hututumia masahihisho. Wengi wetu tuna kazi nyingine. Mwenzetu mmoja anafundisha hesabu Mirongo, mwingine anatengeneza simu, na wawili wanauza samaki.

HISTORIA YETU

Tulianza miaka mitano iliyopita katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya uvuvi, kati ya marobota ya nyavu. Shida iliyotuleta pamoja ilikuwa ndogo. Bei ya sangara iliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa soko la Mwaloni, mvua ikinyesha inafutika, na aliye kisiwani hakuiona kabisa. Tukaandika ukurasa mmoja wa bei. Watu wa Ukerewe wakaomba nakala, nasi tukawapa. Wakaongeza ratiba ya vivuko, wakaturudishia. Hivyo ndivyo jukwaa lilivyokua. Baadaye tukaongeza tahadhari za upepo, tukizipokea kutoka mamlaka ya hali ya hewa na kuzipeleka kwenye simu za wavuvi, kitochi au ya kisasa.

Utaratibu wetu ni mmoja. Hakuna badiliko linaloingia kabla halijasomwa na mtu wa pili, hata kama aliyeliandika ni mwenyekiti. Kila aliyechangia, hata kwa nukta moja, huandikwa jina kwenye faili la majina, na faili hilo husafiri na kila nakala. Malipo yetu ndiyo hayo.

MAFANIKIO

Mialo kumi na tisa inatumia jukwaa letu, pamoja na zahanati mbili na kwaya moja ambayo tovuti yake ina wageni wengi kuliko zote. Maneno ya kwenye kurasa yanapatikana kwa Kiswahili, Kisukuma, Kijita na Kijaluo. Tumepokea masahihisho kutoka Kisumu, na sahihisho moja kutoka kwa dada wa Brazili ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Tumemwandika jina.

Mafanikio mengine ni leo. Mfumo unaozinduliwa hapa ni Mwalo Wazi. Tulipopata mwaliko tuliufungua ukurasa wake wa majaribio, na kwa kuwa ukurasa wa tovuti huonyesha sehemu ya maandishi yake kwa anayejua pa kubonyeza, tukabonyeza. Mwenzetu Zadok, anayeishi Musoma, aliwahi kujiandikia ndani ya faili moja: “Hapa pamenishinda, narudi nikishakula.” Maneno hayo yamo kwenye mfumo wa Mradi. Faili la majina halimo.

Hatulalamiki kunakiliwa. Tuliandika ili tunakiliwe, na leseni yetu inaruhusu. Inadai jambo moja tu, majina yabaki. Hilo tunalitaja kwa utulivu, kwa sababu siyo lililotunyima raha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu kidogo, kwa kuwa changamoto hii tuliitengeneza wenyewe.

Utabiri hutufikia kwa saa za viwanja vya ndege, ambako saa tisa mchana huandikwa kumi na tano. Mvuvi wetu hasomi hivyo. Mwezi wa nne mwaka jana, Teodora wa Ilemela aliandika mistari inayotoa sita, ili kumi na tano isomeke tisa. Wiki hiyohiyo Zadok alimwona mama yake akihangaika na namba zilezile, naye akaandika mistari yake ya kutoa sita, kwenye faili jingine. Kila badiliko lilisomwa na mtu wa pili kama utaratibu unavyotaka, na kila msomaji alisoma faili lililo mbele yake tu. Tulikuwa na wema wa watu wawili na hatukuwa na mtu wa kuujumlisha. Kumi na tano ikatolewa sita, ikawa tisa. Tisa ikatolewa sita, ikawa tatu. Upepo wa saa tisa mchana ukaandikwa saa tatu asubuhi.

Tarehe tisa Mei, Nkwabi na mwenzake Shimba, wavuvi wa Ilemela, walisoma kwamba upepo ni saa tatu asubuhi. Wakasubiri nchi kavu hadi saa sita. Ziwa lilikuwa limetulia, wakasema umeshapita, wakatoka kutega. Upepo uliwakuta saa tisa. Nkwabi aliokotwa jioni akiwa ameshikilia mtumbwi uliopinduka. Shimba tulimzika siku ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Tulikwenda msibani, wote tulioweza. Zadok alipanda basi kutoka Musoma, akasimama mbele ya wafiwa, akaeleza kosa ni nini na ni la nani, bila kumtaja Teodora. Teodora akasimama akajitaja mwenyewe. Tulitegemea kufukuzwa. Mama wa marehemu, Mama Tereza, alituuliza swali moja: “Hiyo saa mmeshaiondoa?” Tukamjibu bado, tumekuja kuzika kwanza. Akasema, “Basi mnakaa hapa mnafanya nini? Mimi nimeshazika. Nendeni mkaitoe.”

Tuliitoa tarehe kumi na mbili Mei. Masahihisho yana mistari kumi na moja. Kosa hilo linatuuma mpaka leo, na hatudhani litaacha kutuuma.

Tangu hapo tumeongeza utaratibu wa pili. Jambo lolote litakalosomwa na mvuvi haliingii mpaka Mama Wilhelmina, muuza dagaa wa Mwaloni ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alisome kwa sauti kwenye simu yake mwenyewe, akiwa mezani pake, wateja wakiwepo. Akisita, badiliko linarudi. Tulipomwonyesha tahadhari nyingine ya zamani, yenye kosa hilohilo, iliyotumwa mchana, alituuliza, “Kama upepo ulikuja asubuhi, mbona mnaniandikia mchana? Mnanitangazia au mnanisimulia?” Wasomaji wetu wawili wenye vyeti hawakuliona hilo. Ameandikwa kwenye faili la majina.

Sasa, mgeni rasmi, mfumo wa Mradi wako una namba ya toleo chini ya kila ukurasa. Ni toleo la arobaini na moja. Hilo ni toleo la wiki ya mwisho ya Aprili mwaka jana. Aliyelichukua alilichukua baada ya kosa kuingia na kabla halijatoka, kisha akafunga mlango, kwa hiyo masahihisho yetu hayana pa kupitia. Hatusemi alikuwa na nia mbaya. Alinakili siku mbaya.

Tuliwaandikia Mradi barua pepe, haikujibiwa. Tukapeleka barua kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mara ya tatu alikwenda Katibu mwenyewe. Dada wa mapokezi, mtu mpole aliyetukaribisha hadi maji ya kunywa, alisema, “Mkurugenzi yuko safarini, lakini si mnasoma risala siku ya uzinduzi? Hayo yaandikeni kwenye risala.” Tumeyaandika.

MAOMBI

Tunajua desturi ya risala. Hapa ndipo huombwa kompyuta, viti na jengo. Sisi pia tulikuwa na ombi la viti, tumeliondoa lisije likajibiwa peke yake.

Tunaomba majina yarudishwe mahali pake.

Tunaomba mlango wa kupokea masahihisho, kutoka kwetu na kwa yeyote. Aliyenakili programu huria akajifungia nayo amechota maji ya kisima mara moja, na siku kisima kitakaposafishwa yeye ataendelea kunywa ya juzi.

Na tunaomba mistari kumi na moja ipokelewe. Teodora ameketi karibu na mlango wa kushoto, kompyuta yake imewashwa. Fundi wa Mradi yuko meza ya mbele na wameshasalimiana. Kuiingiza ni kazi ya dakika kumi, na Mama Wilhelmina kuisoma ni dakika tano nyingine, maana atataka kwanza miwani. Ngoma za burudani zinaweza kujaza nafasi hiyo. Hatuhitaji kutajwa, na tukio likichelewa tuko tayari kuambiwa ni sisi tuliolichelewesha.

Mama Tereza yuko nasi, safu ya tatu. Tulimwambia sherehe ni ndefu, apumzike nyumbani. Alikataa.

HITIMISHO

Aya hii, pamoja na habari za nani ameketi wapi, haimo kwenye nakala tuliyowakabidhi waandaaji juzi, kwa sababu tumeiandika leo, hapahapa tulipoketi. Mamlaka ya hali ya hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa upande wetu wa ziwa, leo, kuanzia saa kumi na moja jioni. Tumeelezwa kuwa kitufe kilicho mbele yako kitatuma ujumbe wa kwanza wa Mradi kwa simu elfu sita na mia nne, na ujumbe wenyewe ni tahadhari hiyo. Skrini iliyo nyuma yako imewashwa tangu tulipoingia. Wageni wote tunaiona isipokuwa wewe uliyeipa mgongo. Imeandikwa: Upepo mkali, leo, saa tano asubuhi.

Sasa ni saa saba na robo mchana. Mitumbwi huanza kutoka saa tisa.

Mungu awalinde walioko majini na wanaojiandaa kutoka, akupe na wewe afya na usikivu. Mgeni rasmi, tunaomba usikibonyeze.

Ni sisi,
Jumuiya ya Mwalo Wazi,
Kirumba, Mwanza.