Laini Niliyoifunga Kitambaani

Vijana mtakaosoma haya, someni polepole na msirukeruke mistari. Mimi niliishia darasa la nne, na kila neno hapa nimelitafuta. Niliyasema kwanza mbele ya kikundi chetu cha wajane, hapa Ihanda, baada ya ibada. Mwenyekiti akaniambia niyaandike kwa ajili yenu, kwa sababu ninyi ndio wenye simu. Nayaandika vile vile nilivyoyasema pale. Sitataja jina la mtu. Aliyemo atajijua.

Ndugu zangu, mume wangu alikuwa mtu wa kuandika. Mwanetu aliyeko Mwanza alipomnunulia simu ya kupangusa, alimwekea na programu ya kutunza matumizi ya nyumbani. Unaandika umenunua nini, kwa shilingi ngapi, na chini yake kuna nafasi ya maneno machache. Wengine nafasi hiyo wanaiacha. Yeye aliijaza. "Sukari kilo moja. Bibi kasema ile ya jana ilipunjwa." "Dawa ya mguu wa bibi. Asiambiwe bei." Bibi ni mimi.

Alipofariki, simu ikabaki kwangu. Nikaweka laini yangu humo, maana kisimu changu cha tochi kilikuwa kimeshakufa. Watu walikaa nami siku za matanga, kisha kila mtu akarudi kwenye kibanja chake, na ndivyo inavyopaswa, migomba haingoji. Nikabaki na nyumba. Kila siku nikitoka shambani nilinawa mikono, nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua ile programu. Mimi nasoma kwa kidole, neno moja moja, kwa hiyo nilikuwa na mistari kama kumi ninayoijua, nikairudia hiyo hiyo. Na nilikuwa namjibu kwa sauti. Usicheke, wewe wa nyuma. Utazeeka.

Sasa simu ikaanza kuniletea tangazo: sasisha programu. Nikampigia mwanangu.

"Mama, wametoa mpya," akasema. "Hiyo ya zamani wataifunga. Mpya ya bure inaonyesha ya mwaka huu tu. Ukitaka kuona ya nyuma, unalipia kila mwezi."

"Na baba yako yuko mwaka gani?"

"Yuko nyuma, mama."

"Kwa hiyo nilipie kumsoma mume wangu kama nalipia umeme?"

"Amua wewe, mama. Ila usichelewe. Mtandao ukikolea inaweza kujisasisha yenyewe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniangusha. Sikujua kwamba unaweza kuzima intaneti ukaiacha simu ipigike. Nilijua kitu kimoja: mtandao unaingia kwa laini. Nikaitoa laini, nikaifunga kwenye pembe ya kitambaa, nikakitia kwenye kopo la vifungo. Nikajiona nimeokoa. Sikuamua kusasisha, wala sikuamua kukataa. Nilifunga mlango tu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Hakuna anayeuliza bei ya kahawa, hakuna anayeomba mbegu za maharage. Kisha jirani akaacha kupita, maana kila akibisha alinikuta nimeshika simu, namjibu kwa mkato. Nikawa napika ndizi mbili tatu, nasahau chumvi, na sioni tofauti. Kahawa ya kutafuna niliyoweka kwa ajili ya wageni ikabaki kwenye kopo lake kama nilivyoijaza. Hapa kikundini nikaacha kuja. Nawaambia, nilikuwa nimefiwa na mtu mmoja, nikaishi kama niliyefiwa na wote.

Siku moja mchana pikipiki ikasimama uani. Akashuka dada yangu mkubwa, anayekaa Kamuli, kajifunga kanga kiunoni kama wa msibani, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Aliponiona nimesimama mlangoni akamgeukia dereva.

"Shusha ndizi. Marehemu atazimenya mwenyewe."

"Shikamoo, dada."

"Usiniamkie. Wiki tatu nakupigia, naambiwa hupatikani. Nimelia njia nzima. Nimekuja kukuzika, na kuku wangu wa nauli nimeshamuuza."

Nikamweleza habari ya programu, toka mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwenzako wa Kanoni," akasema, "yule mliyepata naye kipaimara siku moja. Aliumwa. Alikutafuta kwenye simu. Wamemzika Jumamosi."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Hilo, ndugu zangu, halikurudi. Nasimama mbele yenu nimepona, lakini hilo halikurudi.

Dada hakunibembeleza. Hatukulelewa hivyo. Alisema, "Leta simu na daftari. Mimi nasoma, wewe unaandika." Yeye alifika darasa la saba, na macho yake bado mazima.

Tukafanya hivyo siku nne. Mkono wangu ulivimba. Yeye anasoma haraka, akafika mahali ambapo kidole changu hakikuwahi kufika.

"Vocha, elfu moja. Bibi na..." Akaisogeza simu karibu na macho.

"Soma, wewe."

"Vocha, elfu moja. Bibi na dada yake wamenuniana. Wapigiane."

Akapandisha juu. Mwezi wa nyuma yake: vocha, bibi ampigie dada. Na mwezi mwingine, vivyo hivyo. Miaka yote nilikuta salio kwenye kile kisimu changu, nikadhani ni mwanangu anayenitumia.

Dada aliweka simu mkekani, akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Nilitoa laini ili nisipoteze maneno ya mume wangu, na maneno yenyewe yalikuwa hayo.

Tulipomaliza kunakili nikafungua kopo la vifungo, nikarudisha laini, nikampigia mwanangu anielekeze. Nilibonyeza mwenyewe. Maandishi ya zamani yakaondoka, naangalia. Iliniuma. Daftari lilikuwa mapajani. Dada akamwita jirani kwa kelele kuvuka migomba, tukatafuna ile kahawa watatu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada, na kuku wake. Namshukuru jirani aliyerudi bila kuuliza nilikuwa wapi, na ninyi wajane mlioniachia nafasi yangu kwenye benchi. Vijana, mnachokithamini kinakilini mapema, kisha amueni mara moja. Kusasisha au kutosasisha ni kazi ya mchana mmoja. Mimi ilinila mwezi mzima, na rafiki.

Mwaka huu mkamwana wangu na wajukuu wawili wamehamia kwangu. Yeye ndiye anayeandika matumizi kwenye programu mpya, ile ya bure. Siku ya kwanza aliniuliza aanze na nini. Nikawaita wote jikoni, nikawaambia: "Mwezi ukianza, vocha inanunuliwa kabla ya sukari. Na simu ya nyumba hii ikilia, apokee aliye karibu, hata kama ana unga mikononi."