Mwalimu Justus Kinoti, Aliyefundisha Watu Kuitika Kengele (1934–1967)

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na dada yake, Mirriam Gatwiri, nyumbani Kathera, Jumamosi tarehe 14 Januari 1967

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani. Nimepewa kazi hii kwa sababu mimi ndiye ambaye sijalia. Mama alisema mwenye macho makavu ndiye asome. Msidhani nina moyo wa jiwe. Nimekufa ganzi tu, na ganzi ina faida yake, sauti haitetemeki.

Marehemu Mwalimu Justus Kinoti alizaliwa hapa Kathera tarehe 3 Machi 1934, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee M'Rukaria na Mama Julia Kagendo. Alikuwa mtoto mpole ambaye hakula mpaka aitwe. Mama ndiye aliyemlea hivyo, kwamba mtu mwenye adabu hajipeleki penye chakula, huitwa kwa jina lake. Nalitaja jambo hili dogo mapema kwa sababu lilimfuata maisha yake yote.

Alisoma shule ya misheni iliyo hapa chini ya kilima kuanzia mwaka 1942, na Januari 1952 akaingia chuo cha ualimu. Siku ya kwanza kengele ya chakula ililia. Marehemu akabaki ameketi kitandani, amevaa shati lake jipya, akingoja mtu aje amwite. Ikalia tena jioni, akangoja. Kesho yake mpishi mmoja alimkuta bombani akijaza tumbo maji, akamwuliza, "Kijana, umefunga?" Marehemu akamjibu, "Hapana. Sijaitwa." Chuo kizima kilicheka, na jina la Sijaitwa likamganda mpaka alipomaliza masomo. Alipotusimulia alicheka kuliko sisi. Kisha akasema kwamba mtu anaweza kufaulu mitihani yote akashindwa na kengele, kwa kuwa tu hakuna aliyemwambia.

Alifundisha huku Meru hadi alipohamishiwa Garissa, Mei 1961. Watu walimpa pole kana kwamba amefungwa. Mwaka 1963 ulipokwisha na hali ya hatari ikatangazwa kule, kwa kuwa baadhi ya wenyeji walishika bunduki wakitaka kujitenga, walimu wengi wa huku waliomba kurudi. Yeye hakuomba. Aliandika nyumbani kwamba joto la Garissa linamfaa kifua, na kwamba ana wanafunzi watakaokwenda vyuoni. Wenyeji wa kule, wakija upande wetu, husema wanakwenda Kenya. Marehemu aliwaambia wanafunzi wake, "Basi kama mnakwenda Kenya, twendeni tukiwa tayari."

Ndipo akaanzisha kile alichokiita Chuo Kabla ya Chuo. Kila mwisho wa mwaka, wanafunzi waliopata nafasi vyuoni walihamia katika darasa lake kwa wiki mbili. Walitandika vitanda, walipanga foleni ya kuoga, walivaa makoti ya kuazima wakitokwa jasho, ili wasije wakashangaa baridi. Wiki hizo zilipoangukia Ramadhani, kama mara hii ya mwisho, waliketi mezani mchana na sahani tupu, wakishika uma na kisu kukata hewa. Lakini somo kubwa lilikuwa kengele. Kengele ikilia, acha ulichoshika, toka nje, simama kwenye mstari kufuata kimo, mikono chini, usubiri. Aliwaambia, "Kengele ndiyo mama yako sasa. Haitakuita kwa jina."

Mwanafunzi wake Batula Hared, ambaye yuko hapa leo, alimwambia mara ya kwanza, kwa lafudhi ya kwao, "Lakini Mwalimu, kengele ni ya ngamia. Binadamu anabigiwa kengele amebotea wapi?" Marehemu aliipenda sentensi hiyo, akaiandika katika barua mbili, akisahau kwamba alishatuandikia.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu kuukuu ya lori. Mwaka jana alikatazwa kuigonga, kwa kuwa mjini rimu ilikuwa ikigongwa kutangaza kafyu na watu walikuwa wakishtuka bure. Akanunua filimbi. Wanafunzi wake wa mwisho, wanne, walifundishwa kwa filimbi.

Tarehe 20 Aprili 1963 alifunga ndoa na Rosebella Aketch, muuguzi, huko huko Garissa. Baba alinung'unika kwamba mwanawe amekwenda jangwani kuoa binti wa ziwani, kana kwamba Meru wasichana wamekwisha. Aketch alipokuja akalima na Mama kuanzia asubuhi hadi mvua ilipowafukuza, manung'uniko yakaisha. Mungu aliwajalia binti mmoja, Kagendo, jina la bibi yake.

Hapa ndipo wasifu hutaja ugonjwa. Kaka yangu hakuugua.

Mzee Hared, baba yake Batula, hakutaka binti yake asafiri. Si kwa kudharau masomo, ila barabara zilikuwa mbaya na kila mtu kule ana mtu aliyemzika. Mwishowe alikubali, akamwambia marehemu maneno ambayo Batula ametupa kama alivyoyasikia: "Mwalimu, mimi naba wewe mtoto yangu. Usiacha yeye stesheni. Usiacha yeye njiani. Nafikisha mbaka mlango ya chuo, wewe mwenyewe, mkono kwa mkono." Marehemu akasema atamfikisha. Ndiyo maana alisafiri nao.

Jumanne tarehe 10 Januari waliondoka Garissa katika msafara wa malori wenye askari, njia ya Isiolo. Kabla ya kuondoka abiria waliambiwa kwamba ikipulizwa filimbi, kila mtu ashuke na alale chini. Wale wanne waliambiwa pia, na waliitikia. Baada ya saa sita mchana milio ya bunduki ilitoka vichakani. Filimbi ikapulizwa. Watu wakaruka na kulala. Wanafunzi wanne wakaruka pia, kisha wakasimama kando ya lori kwenye mstari, kufuata kimo, mikono chini, wakisubiri.

Hawakuwa na kiburi wala hawakuwa wajinga. Masikio yao yalikuwa yamefundishwa wiki mbili, na asubuhi moja haikutosha kuyafundisha upya.

Marehemu alikuwa tayari amelala chini ya lori. Abiria aliyekuwa kando yake anasema marehemu aliona miguu ile imepangwa sawasawa, akasema, "Hao ni wangu," akatoka. Alimsukuma chini mmoja baada ya mwingine. Guleid, aliye mrefu kuliko wote, anasema Mwalimu alikuwa akipaza sauti, "Laleni! Laleni!" nao hawakuelewa, kwa sababu baada ya filimbi hakuwahi kuwaambia walale. Batula ndiye aliyesukumwa mwisho. Risasi ilimpata marehemu akiwa bado ameinama juu yake. Alifariki njiani, kabla ya kufika Isiolo.

Wanafunzi walifika hapa Jumatano pamoja na mwili. Sitaficha, kwa maana mlisikia. Mama alisema wapewe maji na mahali pa kulala, lakini wasikae mbele ya macho yake, kwani ni ndugu za waliomwua mwanawe. Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia.

Alhamisi shule ya hapa chini ilifunguliwa, na kengele ikagongwa. Batula alikuwa nje akichagua maharagwe, kazi ambayo hakuna aliyempa. Alijitupa chini kifudifudi, maharagwe yakamwagika, akafunika kichwa kwa mikono. Guleid na wenzao walikuwa wamelala vivyo hivyo nyuma ya ghala. Mama aliona kutoka mlangoni. Alitembea polepole, akaketi mchangani kando ya yule msichana, akaweka mkono mgongoni pake mpaka kengele ikanyamaza. Kisha akasema, "Batula. Njoo ule."

Baadaye ndipo tulipojua kwamba siku hiyo ilikuwa Idi yao, na hakuna aliyekuwa amewapa hata chai.

Jumatatu wanne hawa wanatakiwa kuripoti chuoni, la sivyo nafasi zao watapewa wengine. Nitawapeleka mimi. Batula nitamfikisha mlangoni, mkono kwa mkono, kama ilivyoahidiwa. Lakini chuo huishi kwa kengele, na hakiwezi kumweka mwanafunzi anayelala chini kila inapolia. Wakirudishwa, kaka yangu atakuwa amekufa bure. Naliogopa hilo, na ndicho kitu pekee ninachokisikia moyoni tangu Jumanne.

Marehemu ameacha mama yake, Julia Kagendo. Mke wake, Rosebella Aketch. Binti yake, Kagendo. Mimi dada yake. Na wanafunzi wake wanne, ambao Mama amesema waandikwe hapa pamoja na familia.

Jeneza likishateremshwa, kengele ya kanisa itagongwa. Tulitaka kuizuia. Wanafunzi wameomba ilie, kwa sababu wanataka kujaribu kusimama kabla ya Jumatatu. Huenda wakaweza. Wasipoweza, naomba mtu asishangae wala kuwainua. Mama atakaa chini nao, nami nitakaa, na ninyi majirani zetu, tafadhali, mkae pia, hata mliovaa nguo nzuri. Tutainuka pamoja nao watakapokuwa tayari.

Nawe Sijaitwa, sasa umeitwa, kwa jina lako. Pumzika kwa amani. Kengele hii tutaiitika sisi.