Rebeka Kalunde, Sista wa Mifupa, 1935–1997

Nyumba ya marehemu ilichomwa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1986, saa tisa alasiri, hapa Matinyani, mbele ya watu ambao baadhi yao wameketi hapa leo. Familia imeamua jambo hilo lisomwe kwanza, kwa sababu limesimuliwa kwa njia nyingi, na marehemu mwenyewe aliagiza kwamba likisomwa, lisomwe lote, pamoja na majina.

Marehemu Rebeka Kalunde alizaliwa mwaka 1935 huko Kikima, katika vilima vya Mbooni, ambavyo leo viko Makueni na wakati huo vilikuwa Machakos, akiwa mtoto wa nne wa mzee Mbuvi na mama Muthoki, wakulima na washirika wa kanisa. Alisoma shule ya misheni hapo Kikima kuanzia 1945 hadi 1952, akabatizwa 1950, akaingia mafunzo ya uuguzi 1954, akahitimu 1957, na mwaka 1960 akaajiriwa katika hospitali ya misheni upande huu wa Kitui, ambako alifanya kazi katika wadi ya wanawake hadi alipostaafu mwaka 1992.

Tarehe 19 Agosti 1961 alifunga ndoa na Nzioka Kisilu, fundi seremala wa hapa Matinyani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kisilu aliyezaliwa 1962 na anayefanya kazi Mombasa, Mbinya aliyezaliwa 1964 na kufariki kwa surua kabla ya kutimiza mwaka, na Muthoki aliyezaliwa 1966, ambaye ni muuguzi kama mama yake. Mama mkwe wake, mzee Mbinya, ambaye mjukuu aliitwa kwa jina lake, alimpokea kwa njia yake mwenyewe, kwa maana asubuhi ya kwanza alimpa mtungi na mukwa, ile kamba ya ngozi inayopita kwenye paji la uso, akamwambia, "Wanasema unajua kudunga sindano. Sasa nionyeshe mgongo." Waliishi pamoja miaka ishirini na mitano, na majirani wanajua kwamba hawakuwahi kupelekana kwa wazee.

Kazi ya marehemu katika wadi ilikuwa zaidi ya homa na uzazi. Alishona vichwa vya wanawake waliopigwa kwa mpini wa jembe, alifunga mikono iliyovunjwa kwa mguu wa kiti, alimpokea mwanamke wa Migwani ambaye mumewe alimkanyaga kifua mpaka mbavu zikaingia ndani, na kwa sababu hiyo mwanamke yeyote aliyeletwa na mfupa uliovunjika aliulizwa kwanza ni nani aliyempiga. Daktari Roble Mahamud, mzaliwa wa Garissa, aliyefika hospitalini mwaka 1983, ndiye aliyegundua kwamba baadhi ya wanawake hao, hasa waliopita miaka hamsini, walijibu kwamba hakuna aliyewapiga, na kwamba walikuwa wakisema kweli. Mmoja alikuwa ameinama kuokota kuni, mwingine alikuwa ameteleza mlangoni, na mfupa wa nyonga ulikuwa umekatika vipande viwili.

Mwezi wa Julai 1984 daktari alianza utafiti wa jambo hilo, na marehemu akawa sista wa mradi. Walikusanya wanawake waliovunjika, na wengine wa umri huo huo ambao hawajavunjika ili walinganishwe nao, kutoka Matinyani, Migwani na hadi Kikima, na kwa kuwa wengi hawakujua mwaka wa kuzaliwa, marehemu alihesabu umri wao kwa njaa walizozikumbuka na kwa watoto waliokuwa mgongoni wakati wa kila njaa. Kila mmoja alipigwa picha ya eksirei ya mkono, na ukuta wa mfupa mmoja wa kiganja ukapimwa unene wake, kwa sababu mfupa wa mkono ukiwa mwembamba, wa nyonga huwa hivyo pia. Mzee Mbinya alikubali kuwa miongoni mwa wale wazima, akasema, "Mnataka mkono tu? Chukueni, lakini mnirudishie." Marehemu ndiye aliyeipima picha yake, na ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kuliko wa wanawake wengi waliokuwa wamekwisha kuvunjika. Utaratibu wa mradi ulikuwa kwamba mhusika asiambiwe kipimo chake mpaka utafiti wote umalizike, kwa kuwa dawa ya kumpa haikuwepo na hofu ingekuwepo. Marehemu alifuata utaratibu.

Mwaka uliofuata kulitokea ugomvi wa shamba la mtoni, baina ya nyumba ya mzee Mbinya, ambaye mumewe alikuwa amefariki 1972, na Musyoka, mtoto wa ndugu ya mume huyo. Musyoka alisema baba yake ndiye wa kwanza kufyeka msitu uliokuwa pale, mzee Mbinya alisema ni mumewe, mashahidi walikuwa wamekufa, na mwezi wa Januari 1986 Nzioka na Musyoka walipigana mpakani kwa fimbo mpaka wakatenganishwa wakiwa wanavuja damu. Ukoo ukaamua kithitu kiapwe. Kwa wageni waliotoka mbali, hicho ni kitu cha kiapo cha Wakamba, anayeapa hukipiga kwa kijiti akitamka madai yake, na kama amesema uongo kinamshika yeye au watu wake katika muda uliowekwa. Marehemu alipinga kwa sababu ya imani yake, akakataa kuhudhuria, na kanisa lilimsifu kwa hilo. Mzee Mbinya, aliyekuwa na umri wa karibu miaka sabini, alisema hana anachoogopa, akaapa Jumanne tarehe 8 Aprili 1986, na muda ukawekwa miezi saba.

Jumatatu tarehe 3 Novemba, zikiwa zimesalia siku tano, mzee Mbinya alikuwa kisimani, mtungi wa lita ishirini mgongoni, mukwa kwenye paji la uso, akainuka, na wanawake waliokuwa naye wakasikia mlio kama wa kijiti kikavu kabla hajaanguka. Hakuna aliyemgusa. Habari zilifika sokoni kabla yeye hajafikishwa hospitalini, na zilikuwa za neno moja, kwamba kimemshika.

Ukoo uliitwa tarehe 22 Novemba, hapa hapa uwanjani, ili mpaka usogezwe. Marehemu alikwenda, ingawa wanawake hawakuwa wameitwa, akiwa na picha ya mwaka 1984 aliyopewa na Daktari Roble, akaiinua kuelekea jua ili wote waone, na bangili ya shaba ya mzee Mbinya, ambayo haikuwahi kutoka mkononi, ikaonekana nyeupe juu ya mifupa, hivyo kwamba hakuna aliyeweza kusema ni ya mtu mwingine. Aliwaeleza kwamba mfupa ulikuwa mwembamba miaka miwili kabla ya kiapo.

Musyoka alikuwa wa kwanza kusema. "Shemeji, huu ni mkono. Mama amevunjika nyonga."

Watu wakacheka, na marehemu akawaeleza kwa utaratibu kwamba mfupa ni mmoja mwili mzima, na wazee kadhaa wakaanza kuitikia kwa vichwa. Ndipo Musyoka akauliza, "Na hii ilipigwa lini?"

"Mwezi wa saba, themanini na nne."

"Kwa hivyo miaka miwili ulijua huyu mzee atavunjika. Ukamtazama akibeba maji. Ukamtazama akienda kuapa. Ukanyamaza."

Mzee mmoja akasema, "Basi kithitu hakikuwa kule tulikokipiga, kilikuwa ndani ya mkoba wa huyu sista," na hapo picha ikanyakuliwa, ikatupwa katika moto uliokuwa wa nyama, na jiwe la kwanza likarushwa, na watu wakachukua vijinga vya moto huo wakaichoma nyumba.

Nzioka aliingia katikati bila silaha. Alipigwa panga mara mbili, moja kwenye mkono aliouinua na moja kichwani nyuma ya sikio, na aliyemkata ni Musyoka. Marehemu alipigwa rungu alipomwinamia mumewe, mkono wake wa kushoto ukavunjika pale juu ya kifundo, akamfunga Nzioka kichwa kwa kitambaa chake akitumia mkono mmoja na meno, nyumba ikiwa inawaka nyuma yake, na hakuna aliyemsaidia kumbeba mpaka Kalondu, mke wa Musyoka huyo huyo, alipoleta mkokoteni. Nzioka alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 24 Novemba. Kisilu alirudi kutoka Mombasa siku ya pili, akatoa upinde wa babu yake, na marehemu, mkono ukiwa kwenye plasta, aliukata uzi wa upinde kwa makasi ya wadi, akamwambia, "Nimeshona vya kutosha."

Mzee Mbinya alilala wadi moja na mkwe wake, vitanda viwili jirani. Baada ya mazishi ya Nzioka alimuuliza, "Ni kweli ulijua?" na marehemu akajibu, "Nilijua, mwaitu," yaani mama. Mzee akasema, "Ungeniambia, ningebeba nusu mtungi." Alifariki tarehe 6 Machi 1987, na hakulirudia neno hilo. Marehemu ndiye aliyelirudia, kwa daktari, kwa mchungaji, kwa watoto wake, na ndilo lililoongoza maisha yake yote yaliyobaki.

Kesi ya kifo cha Nzioka ilisikizwa Machakos mwaka 1988. Mkono wa marehemu ulikuwa umepigwa eksirei, na mifupa yake nayo ikaonekana kuwa myembamba, hivyo wakili wa utetezi alimwambia kwamba kwa mujibu wa utafiti wake mwenyewe, mkono huo ungevunjika hata kwa kupigwa na mwiko. Marehemu akamjibu, "Mfupa wangu ni mwembamba, bwana wakili, lakini rungu lilikuwa nene," na jaji akalazimika kuamuru watu wanyamaze. Musyoka alifungwa miaka kumi na miwili kwa kuua bila kukusudia.

Alipotoka kortini marehemu alikwenda kwa Daktari Roble, akamwambia kwamba kila mwanamke aliyepigwa picha lazima aambiwe. Daktari alimuuliza, "Tutawaambia nini, sista, na dawa hatuna?" Akajibu, "Wabebe nusu. Na wasiape." Walibishana mwezi mzima, kisha daktari akamwachia picha zote, na kwa miaka minne, siku zake za mapumziko, alitembea nyumba kwa nyumba, Matinyani, Migwani na Kikima, akamkalisha kila mwanamke, akamwonyesha mkono wake mwenyewe, akamwambia kipimo bila kupunguza. Kazi hiyo haikupokelewa sawa kila mahali. Mwezi wa Mei 1989, huko Migwani, mama mmoja alivunjika nyonga wiki moja baada ya kuambiwa, na wanawe wawili wakamngoja marehemu njiani, wakisema yeye ndiye aliyemlaani mama yao, wakampiga kwa fimbo na mateke mpaka mbavu mbili zikavunjika. Alilazwa siku kumi na moja, na alipotoka alirudi Migwani kwanza, kwa sababu nyumba tatu za huko zilikuwa zimebaki. Katika moja ya nyumba hizo mume alikuwa amenunua punda wa kubeba maji kabla marehemu hajafika.

Mwaka 1990 Kalondu, ambaye pia alikuwa amepigwa picha miaka ile, alikuja mwenyewe mlangoni pa marehemu, mumewe akiwa gerezani, akauliza kipimo chake. Kilikuwa kibaya kuliko vyote. Marehemu alimwambia. Kalondu akasema, "Ungeninyima, nani angekulaumu?" na marehemu akasema, "Keti, chai iko tayari."

Tarehe 14 Agosti 1993 wazee wa ukoo walikutana na kuamua kwamba tangu siku hiyo kuvunjika mfupa kwa mtu mzee hakutahesabiwa kuwa ni kithitu kimemshika. Hawakumwita marehemu katika mkutano huo. Shamba la mtoni halijalimwa na mtu, na kesi yake bado iko Kitui.

Jumapili tarehe 9 Machi 1997, marehemu alivunjika nyonga ya kulia alipokuwa akiinuka kwenye benchi la kanisa baada ya maombi. Alilazwa, mguu ukafungwa uzito, akapata vidonda vya mgongo, kisha ugonjwa wa mapafu, na upasuaji uliokuwa umepangwa ukaahirishwa mara mbili. Tarehe 27 Aprili daktari wa zamu aliiambia familia kwamba hautafanyika tena, akawashauri mgonjwa asielezwe, ili asikate tamaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanawake, ambao wengi wao walifundishwa kazi na marehemu, inamshukuru Daktari Roble Mahamud aliyesafiri kutoka Garissa kuja hapa leo, washirika wa kanisa la Matinyani na jamaa waliotoka Kikima, majirani walioleta chakula, na Kalondu, ambaye amechota maji ya matanga yote. Musyoka alitoka gerezani mwaka jana, aliomba kuhudhuria, na familia imekubali. Tunamwomba Mungu ampe mama yetu mapumziko ambayo hakujipa mwenyewe.

Jumatatu tarehe 28 Aprili 1997, saa nane mchana, marehemu alimuuliza Muthoki picha ya kifua imeonyesha nini. Muthoki akamwambia kwamba mapafu yote mawili yamejaa, kwamba hatapasuliwa, na kwamba hakuna dawa iliyobaki. Marehemu akasema, "Haya. Umenieleza vizuri." Akaomba uji, akanywa kidogo, na saa kumi na dakika ishirini jioni akafariki.