Mwalimu wa Nusu Saa Aagwe Mara Moja

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mto wangu wa kulalia: wasifu huu nimeombwa kuuandika mara mbili, na mara zote mbili nilikubali. Mkuu wa zamu ya asubuhi aliniomba, nikaitikia kwa kichwa. Mkuu wa zamu ya mchana naye akaniomba, nikaitikia kwa kichwa kilekile. Kukataa kunataka mdomo, na wangu hufunguka vizuri wakati wa chakula tu.

Anayestaafu ni bibi yangu mzaa mama, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule hii ya msingi. Anaondoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minane kazini. Shule ina zamu mbili, na kwa vile zamu hizo hazipatani hata kuhusu rangi ya mlango, zimeandaliwa sherehe mbili: ya Asubuhi saa nne, ya Mchana saa tisa, ukumbi uleule, viti vilevile. Habari hizo zilimkuta Bibi akipiga pasi. Hakuinua macho.

"Mimi si nyama ya mgao," alisema. "Wakiniaga mara mbili, siendi hata mara moja."

Wanaomjua wanajua kwamba hatishii bure. Harusi ya mdogo wake wa tumbo moja hakwenda, kisa bwana harusi alituma mtu kumwalika badala ya kuja mwenyewe. Kwa hiyo huu hapa ni wasifu mmoja tu, na kama hautoshi, basi mtu atastaafu bila kuagwa.

Jengo letu lilianza maisha likiwa ghala la magodoro. Jiji lililinunua, likatoboa madirisha, likaleta madawati, na wapo wanaoamini kwamba usingizi wa kipindi cha hisabati ni masalia ya magodoro yale. Mwaka aliporipoti mstaafu wetu, msichana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, watoto walikuwa wamefurika hadi madirishani. Ndipo zikaundwa zamu mbili, Asubuhi ikifundisha kwa Kiswahili na Mchana kwa Kiingereza. Jengo moja, vyoo vilevile, lakini wakuu wawili na makabati mawili ya chaki, kila moja na kufuli nzito kuliko chaki yenyewe.

Vita havikuchelewa. Asubuhi walipaka ukuta wa korido rangi ya buluu mpaka mikono yao ilipofika, kengele ikalia, wakaenda zao nyumbani. Mchana wakaingia na kijani chao, wakamalizia juu. Wageni husifu ubunifu huo, nasi hupokea sifa. Jubilei ya shule imesherehekewa mara mbili, katika miaka tofauti, Asubuhi ikihesabu tangu jengo lilipofunguliwa, Mchana tangu ilipozaliwa yenyewe. Mkaguzi mmoja alifika saa ya kupokezana, akaimbiwa nyimbo mbili kwa wakati mmoja, akaandika kwenye ripoti kwamba ametembelea shule mbili. Tangu hapo tunaletewa chaki maradufu. Mstaafu alishauri mkaguzi asisumbuliwe, kwani mtu mzima ana haki ya kuona alichokiona.

Katika yote hayo, yeye peke yake alifundisha zamu zote mbili. Alipopangiwa kazi hapa hakuna aliyetaja zamu. Kila mkuu wa wakati ule akadhani ni wake, naye hakuona sababu ya kuwagombanisha watu wazima. Siku walipogundua, alikuwa amekwisha kuwazoeza watoto wa pande zote mbili kupanga foleni, na hakuna aliyethubutu kuzivuruga.

Jina la Nusu Saa alilipata getini. Kati ya saa sita na nusu na saa saba, Asubuhi wanatoka huku Mchana wanaingia, na mafuriko hayo mawili hukutana mbele ya mwanamke mmoja. Hapo alifuta kamasi, akaunganisha viatu vilivyopoteana, akaamua kesi za penseli. Meno yanayotikisika aliyang'oa kwa uzi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango wa darasa. Siku moja, kabla hajahesabu tatu, mtoto wa Mchana aliyechelewa aliusukuma mlango kwa nguvu, na jino la mtoto wa Asubuhi likaenda nao. "Ona sasa," alimwambia aliyekuwa akilia, "zamu zikishirikiana kazi inakwenda." Mwenye jino leo ndiye mkuu wa Asubuhi. Aliyesukuma mlango ndiye mkuu wa Mchana. Bado hawajaombana radhi.

Wengine aliowafundisha kusoma ni mafundi bomba, wauguzi, hakimu mmoja, na mwizi mmoja ambaye, tusimnyime haki yake, huisoma hati yake ya mashtaka bila kukwama.

Mimi nilianza Asubuhi. Darasa la nne nikahamishiwa Mchana kwa sababu siamki, na pande zote mbili zikaniita msaliti. Nilipotoka hapa nilikuwa bubu wa lugha mbili. Walimu wengine walinihimiza niongee. Yeye alinikalisha getini pembeni yake na kunipa mkoba wake nishike. "Maneno si maziwa, mjukuu wangu," alisema, "hayachachi. Yatatoka yakitaka."

Wakuu wote wawili wamenipa maelekezo. Wa Asubuhi alisema, "Andika ukweli tu, kwamba ni wetu." Wa Mchana alisema, "Hao wenzetu wataje kidogo, pale kwenye habari za vyoo." Nimewasikia, na nimeandika hivi: mwalimu huyu si wa Asubuhi wala si wa Mchana. Ataagwa mara moja, getini, Ijumaa, saa sita na nusu, wakati ambao zamu zote zipo na hakuna anayeweza kusingizia kwamba kengele yake imelia. Keki, kama ni mbili, zote ziletwe hapo.

Mwalimu, Bibi, asante kwa kutuvumilia sote, wenye meno na wasio nayo. Tunakuombea siku ndefu, chai isiyopoa, na mtu wa karibu wa kubishana naye. Huyo wa mwisho atapatikana. Hata mimi naweza kujifunza.

Naandikia hapa shuleni, kwenye chumba cha kuchapia, ninakochapa mitihani ya zamu zote mbili. Kila niliposikia hatua leo, niliikalia karatasi. Sasa hatua zinakuja koridoni, za watu wawili, ambao kwa desturi hupishana. Kila mmoja amekuja kuchukua wasifu wake na ameudhika kumkuta mwenzake.

"Wewe unafuata nini huku?" mmoja anauliza.

"Changu," mwingine anajibu.

Siikalii tena. Naiacha mezani, maandishi juu. Waisome wenyewe, kusoma aliwafundisha yeye.