Mashua Iliyo Juu ya Vichwa Vyetu

"Mutu akistaafu, bateau yake nayo inastaafu." Ndivyo Papa Adalbert, rais wa klabu yetu ya makasia, alivyotujibu kwenye kikao cha mwisho. Amekosea. Anayestaafu leo, tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na miwili ya kupiga makasia na kufundisha, ni Maman Mwanvita Amuri. Mashua yake haijachoka. Tumeitundika tu.

Mwanvita alitoka katika duka la vitenge la baba yake, mtaani Kadutu, akaja hapa ufukweni mwa ziwa kwa sababu, alisema, amechoka kupima vitambaa kwa mikono bila kwenda popote. Akatuletea dhahabu ya Afrika, kisha akafika Olimpiki, peke yake ndani ya mashua nyembamba kama ganda la haragwe. Alikuwa amezoea mawimbi ya boti za abiria ziendazo Goma. Uwanja wa kule ulimshangaza. "Ile maji ilikuwa imelala," alitusimulia, "nikaogopa kuiamusha." Aliiamsha hadi nusu fainali.

Tulimpokea kwa ngoma na vitenge vyenye sura yake. Kisha komite ikageuza banda la mashua kuwa salle hii, ukumbi wa harusi, na mashua yake ikapandishwa darini, ikazungushiwa taa za rangi. Aliambiwa ingeshushwa baada ya Noeli. Noeli ngapi zimepita? Kila mmoja wetu amewahi kucheza dansi chini yake.

Wasichana wake wanajifunza uani, wameketi juu ya kreti tupu za bia, wakivuta mipira ya baiskeli badala ya makasia, wageni wa harusi wakiwacheka. Mmoja wao, Amisa, anakwenda kwenye mashindano ya kufuzu Olimpiki mwezi wa nane, na hajawahi kukaa ndani ya mashua ya mbio. Naona aibu kuandika hili kwenye karatasi yenye orodha ya vyakula vya karamu hii ya kumuaga upande wa pili.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, Mwanvita hakusita: "Musininunulie kitu. Munishushie bateau, Amisa aikalie." Komite imemnunulia saa ya ukutani.

Maman Mwanvita, asante. Tunakuombea afya, na mawimbi yasiyokuzidi nguvu.

Papa Adalbert, na ninyi wa komite mlioketi meza ya mbele: inueni macho. Ndiyo hiyo, katikati ya taa. Ngazi iko nyuma ya baa. Ishusheni kabla keki haijakatwa. Sisi wengine hatuli mpaka Amisa awe majini.