Regina Igoki na Mistari Mitatu Ambayo Hakuiandika

Marehemu Regina Igoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Laare, mtoto wa pili wa Mzee Josphat Bundi na Mama Esther Karimi. Akiwa darasa la nne aliandika kwa makaa, kwenye ukuta wa jikoni, hatua kumi na moja za kupika mukimo, viazi na mahindi vya kupondwa, zote zikiwa na namba. Mama alimchapa kwa kuchafua ukuta, ila maandishi hakuyafuta.

Alisoma shule ya msingi hapo Laare, sekondari Meru mjini, na mwaka wa 1985 akahitimu hesabu katika chuo kikuu Nairobi. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Elias Nyaga wa Embu, wakaishi mtaa wa Dallas hukohuko Embu.

Mwaka wa 1988 aliajiriwa na chuo cha kompyuta ambacho familia imeamua kutokitaja. Huko, kwa miaka minne, alitengeneza kompaila, yaani programu ya kugeuza maandishi ya wanafunzi kuwa amri za mashine. Kompaila yake haikugeuza kwa mara moja. Ilipitia kwanza msimbo wa kati, mistari yenye namba, na baadhi ya mistari iliiambia mashine irukie mstari fulani. Ukiingiza amri mpya katikati, namba zote zinazofuata husogea, na kila mruko lazima urekebishwe. Igoki aliwaambia wanafunzi, "Ukiweka mtu mbele kwa laini ya dispensari, wale wa nyuma waambie namba zao mpya, ama mtu ataingia kwa daktari wa meno akitaka macho."

Mtu ambaye Igoki alimfunza kazi hiyo kwa moyo wote ni Kivuti, kijana aliyemwombea ajira mwenyewe na kumlisha mezani kwake. Mwaka wa 1996 Igoki alimwomba aongeze amri tatu za kuhesabu ni mara ngapi kila sehemu ya programu inatumika. Kivuti aliziongeza, akasahau miruko. Igoki hakukagua, kwa sababu alimwamini.

Tarehe 6 Novemba, siku ya mtihani, programu za wanafunzi thelathini na mmoja zilirukia mistari isiyo yake na kukwama. Wote waliambiwa warudie mwaka. Mbele ya kamati Igoki alionyesha karatasi za msimbo wa kati na mistari ile mitatu, lakini mstari hauandikwi jina la aliyeuweka. Kivuti aliulizwa kama aliigusa.

"Mimi sijaigusa," alisema, akiangalia viatu vyake. "Hiyo compiler ni ya madam."

Igoki alifutwa kazi wiki hiyo, na Januari Kivuti akapewa darasa lake. Wanafunzi aliowapenda walipishana naye sokoni kama hawamjui. Hilo lilimuuma kuliko saratani iliyogunduliwa Februari 1998.

Mwezi wa Mei 1999 Kivuti alikuja Dallas, akapiga magoti kando ya kitanda. "Madam, ni mimi. Nilisahau kurekebisha jumps, halafu nikaogopa."

"Usiniambie mimi," Igoki alimjibu. "Mimi najua. Enda uambie chuo. Andika hata barua fupi."

Kivuti aliahidi. Kwa wiki tisa Igoki alimtuma mumewe posta kila Ijumaa kuangalia kama chuo kimemwandikia, na Nyaga akarudi mikono mitupu. Igoki alifariki nyumbani tarehe 21 Julai 1999, akiwa bado ndiye wa kulaumiwa.

Ameacha mama yake, mumewe Nyaga, binti yake Rwamba, mwanawe Mwaniki, na kaka yake Mbae anayesoma wasifu huu.

Bwana Kivuti amefika leo na shada la maua, ameketi pamoja na walimu. Familia inamshukuru kwa kufika. Wakati wa kutia udongo, tunamwomba abaki amekaa.

Igoki, kazi yako ilikuwa safi. Mungu akupumzishe.