Mwanarusi Chirau na Betri Zilizowekwa Ndani

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Mwanarusi Chirau anastaafu ufundi wa betri katika karakana ya Ganjoni baada ya miaka thelathini na mmoja. Wenzake wamenitaka mimi mamake, Mejumaa, niandike ukurasa huu wa sherehe. Masomo yangu ni machache, lakini huyu nimemzaa mimi. Nikinyamaza, nani atamsifu ipasavyo?

Alianza na betri za maji za malori. Asidi ilimtobolea kila leso aliyoingia nayo kazini, hata nikamwambia siku moja atarudi nyumbani amevaa matundu matupu. Hakuacha. Akarudi chuoni, tayari ana watoto, akasomea betri za lithiamu, akawa mwanamke wa kwanza kusimamia meza ya betri pale karakanani. Siku hiyo nilipika biriani, mtaa mzima ukala.

Kazi iliyomtangaza ni tuktuk za umeme za Mji wa Kale. Bwana Shamsudin aliuza zake za petroli akanunua za umeme, karakana ikampa Mwanarusi azitunze. Joto la kaskazi lilipoingia, betri zikaanza kufa. Dereva alikuwa akifika kutoka Mwembe Tayari na betri ingali moto, anaichomeka kwenye chaja papo hapo, juani. Shamsudin akatoa kauli: hali ikiendelea hivi mpaka Idi, anarudi kwenye petroli. Jasho lote la mwanangu lingeishia hapo.

Mwanarusi akaomba chumba cha chini cha nyumba ya kale ya Bi Hanin, mwenyeji wa hapo Mji wa Kale, chenye kuta nene za mawe, baridi hata adhuhuri. Amri yake ikawa moja: betri ya moto iingie ndani ipoe kwanza, ndipo ichajiwe, dereva achukue iliyo tayari aende zake. Madereva, wasiotaka kungoja zamu, wakachachamaa. Hussam, mwenye mdomo kuwapita wote, akapiga kelele uchochoroni: "Bi Mwanarusi, kwani betri ni bibi harusi hata iwekwe ndani?"

"Ndiyo," akamjibu. "Na uso wake huuoni mpaka niseme mimi!"

Walicheka, lakini hawakukubali. Ramadhani nzima alisimama mlangoni na saumu yake. Waliomnunia, naye aliwanunia. Hussam alijaribu kupitia dirishani akanasa kiunoni. Mwanarusi akamwacha hapo hapo mpaka akaahidi kungoja zamu.

Mwezi ule haikufa betri hata moja. Siku ya Idi Shamsudin alikuja kwangu na sinia la halua. "Mama Mejumaa," akasema, "tuktuk siuzi. Umezaa!" Nikamwambia najua.

Tena hata betri zilizochoka kuvuta tuktuk hakuzitupa. Alizipanga ukutani ziweke umeme, na stima zikipotea, hizo ndizo zinazochaji wenzao.

Sasa chumba anamwachia Nabiha, aliyemfunza mwenyewe. Nasikia Hussam ameshauliza kama binti huyo ni mpole. Nawaambia mapema: mwanangu hakufunza wapole.

Wana karakana, ahsanteni kwa kumtunza. Nawe Mwanarusi, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha, na wale utakaowaacha kazini wasilegeze hata kidogo.